Mwaka wa Chakula Bila Chumvi

Tulipomaliza kumzika Tata Marigu, dada ya mama yangu, sisi wachache wa rika letu tuliobaki tulikaa nyuma ya nyumba yake pale Kanja, kila mtu na sahani ya kukodi magotini. Kabla hatujaonja wali, Ireri, kifungua mimba wa Tata, ambaye sasa ni mzee mwenye kipara, alichomoa mfukoni dawa zake za presha. Dada yake akachomoa zake. Nami nikafungua mkoba, nikatoa zangu, tukameza kwa pamoja huku tukichekana. Wawira, binti wa Ireri, ambaye anaishi mtaa wa Dallas kule Embu mjini, alitutazama kwa huruma. "Mimi hizo madawa niliacha, Anti," akaniambia. "Kwani nitameza mpaka lini? Niliamua kwenda natural. Kitunguu saumu, kutembea, na chumvi nimetoa kabisa kwa nyumba." Alisema hivyo akiwa ameinua kidevu vilevile alivyokuwa akikiinua nyanya yake. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na hasira yangu haijui kunong'ona. Nilirudi nyumbani nikaona heri niandike.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja nafasi ya chuo cha ualimu, na Tata Marigu alinichukua nikae kwake. Mumewe, Mwalimu Nyaga, alifundisha darasa la saba katika shule iliyokuwa ng'ambo ya mto, na ndiye aliyenitafutia nafasi ya kufundisha bila cheti, darasa la pili, chumba kilichopakana na chake. Nyumba yao ilikuwa na sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio juu ya kabati, na harufu ya nta ya sakafu kila Jumamosi. Lakini maisha yenyewe yalikuwa jikoni, kibanda cha mabanzi kilichokolea moshi hata ukigusa ukuta unatoka na vidole vyeusi. Chumba changu kilishikana na jiko hilo. Nilisikia kila kilichosemwa kwenye mafiga, nitake nisitake, na mara nyingi nilitaka.

Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe mbele ya wageni. Wakiwa peke yao alimwita Baba Ireri. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vifungo vya mikono vilivyofungwa hata wakati wa joto. Ukweli ulikuwa ugonjwa wake kabla hajapata ugonjwa mwingine. Aliwahi kusimama kanisani katikati ya matangazo kusahihisha idadi ya mayai aliyoyatoa siku ya mavuno, kwa kuwa katibu alikuwa amesoma mengi kuliko aliyoyaleta. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alikaa chini akiwa ametosheka kabisa, na Tata kando yake alitazama paa la kanisa kama mwanamke ambaye ameshazoea. Nilimwogopa Mwalimu, na nikampenda kwa namna mtu anavyopenda ukuta ambao anajua hautaanguka.

Ilianza na damu ya pua. Ilimtoka akisahihisha madaftari ya watoto, ikadondoka juu ya hesabu ya mtu, na haikukatika upesi. Katika kituo cha afya, tulikompeleka mimi na Tata, walimfunga mkanda wa presha mkononi, na daktari wa pale, kijana ambaye hakuwa amemaliza hata kuota ndevu, akatueleza vizuri, nasema vizuri kwa sababu baadaye nitamkasirikia. Alisema damu ya Mwalimu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, na ubaya wake ni kwamba haiumi. Mtu anaweza kulima shamba zima akiwa nayo, akala, akalala, na huku inamla moyo na ubongo polepole. Akampa tembe za kumeza kila siku. Akamwambia apunguze chumvi na mafuta, atembee, asiwe na hasira. Mwalimu alisikiliza kama mtu anayepokea maagizo ya mkaguzi wa shule, na tulipotoka nje aliyarudia yote bila kuruka neno.

Zile tembe zilimshinda kwa jambo dogo la aibu. Zilimpeleka haja ndogo mara kwa mara, na mwalimu wa darasa la saba hawezi kutoka darasani akikimbilia choo cha nyuma huku watoto wakihesabu. Wakati huohuo wanawake wa kanisa walikuja kumwona, wakakaa jikoni kwa Tata, nami kwenye chumba changu nikasikia. "Mama Ireri, hiyo dawa ukianza, huachi," alisema mmoja. "Ni mpaka kaburi. Presha ni ya chakula na mawazo. Toa chumvi, toa mawazo, mtu anapona na vitu vya Mungu tu." Tata aliuliza maswali mengi, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuona njia. Hakuwa mjinga, Tata yangu. Alikuwa mwanamke aliyezoea kwamba akifanya kazi kwa bidii, kitu kinatokea, na tembe hazikumpa kazi yoyote ya kufanya. Jioni hiyo alimwambia mumewe, "Baba Ireri, niachie hii presha. Hii ni kazi ya jikoni." Na Mwalimu, ambaye hakuwa akimwachia mtu yeyote kitu chochote, alimwachia.

Alivyoipiga vita! Mkebe wa chumvi aliumwaga kwenye hori la ng'ombe siku iliyofuata. Mafuta ya kukaangia akayapa jirani. Dada ya Mwalimu, aliyeolewa chini Mbeere, kwenye ukame, alileta majani ya mwarubaini yaliyokaushwa, na Mwalimu akawa anakunywa maji yake kila asubuhi uso ukiwa umekunjamana, bila kulalamika. Redio ilizimwa kila yanapokaribia matangazo ya vifo, ili asije akasikia jina la mtu wanayemfahamu na kushtuka. Hatukuruhusiwa kugombana. Ireri, aliyekuwa darasa la sita, aliambiwa kwamba akivunja kikombe anamuua baba yake, na kwa miezi alishika vikombe kwa mikono miwili. Na kwa kuwa kwetu hakuna mke anayeweza kumpikia mwenye nyumba chungu cha peke yake, kama mgeni au mtu aliyetengwa, sote tulikula alichokula. Hakuna aliyeuliza kama tunataka.

Sijui niwaeleze vipi ladha ya mwaka ule. Githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, bila chumvi unaitafuna na mdomo unangoja kitu ambacho hakiji. Viazi, mboga za sukuma na managu, ndizi za kupika, vyote vilifika mezani vikiwa na sura nzuri na havikusema neno. Watoto walikuwa wakipita kwa jirani kulamba chumvi kwenye kiganja kama mbuzi. Mwalimu alikula polepole na kumshukuru mkewe kila mlo, kwa sentensi ileile. Tata alimtazama akila, na nadhani kila tonge lililomkwama lilimkwama na yeye. Basi akatafuta namna ya kukifanya chakula kiwe angalau laini, kipite kooni, na namna hiyo ilikuwa tayari jikoni, kwenye rafu ya juu ya mafiga, imefungwa ndani ya kipande cha gazeti. Ilikuwa magadi. Kila jiko la Kanja lilikuwa nayo. Huku juu kuna baridi, na njahi, yale maharagwe meusi, yanaweza kumaliza mzigo wa kuni na bado yakalia kwenye meno. Kipande kidogo cha magadi huyalainisha, na mboga hubaki kijani kama imetoka shambani. Zamani Tata alikuwa akiweka kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Mwaka ule alianza kuweka kwa kijiko, kwa sababu magadi, ukiizidisha, huacha kitu fulani ulimini, na sisi tulikuwa na njaa ya kitu chochote. Tulimsifu. "Leo imeiva vizuri," tulimwambia, na kesho aliongeza.

Mpaka leo watu huniuliza, wachache ambao nimewahi kuwadokezea, ilikuwaje nyumba ya mwalimu isijue. Mwalimu Nyaga alifundisha jiografia. Alichora Ziwa Magadi ubaoni kwa chaki ya rangi na kuwaeleza watoto kinachochimbwa pale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika habari za sodiamu kwenye mtihani na kupita. Lakini ubao ulikuwa ng'ambo ya mto na chungu kilikuwa ng'ambo hii. Chumvi ilikuja ndani ya pakiti yenye maandishi ya kiwanda. Magadi ilikuja kama udongo, mabonge ya kijivu, ng'ombe wanaramba, bibi zetu walipikia. Ilikuwa upande wa Mungu, pamoja na mwarubaini na kitunguu saumu. Hakuna aliyeishuku, kama vile usivyomshuku mtu wa nyumbani.

Mwalimu alianza kuwa na sura nzuri. Alitembea kwenda na kurudi shuleni badala ya kubebwa kwa baiskeli, tumbo likaisha, hatua ikawa nyepesi. Alipoamua kurudi kituo cha afya kupimwa, nilifuatana naye kwa sababu jino lilikuwa likiniuma. Tulikaa kwenye benchi pamoja na akina mama na watoto wao, mlango wa daktari ukiwa wazi, kila mtu akisikia ya kila mtu. Mwalimu alianza kwa kusema ukweli, kama kawaida yake. "Dawa niliacha. Niliona nijaribu chakula." Daktari hakupenda, lakini akamfunga mkanda. Akapuliza. Akapuliza tena. Akamtazama.

"Mwalimu, hii imepanda kuliko ile ya kwanza. Chumvi unakula?"

"Sili chumvi."

"Kidogo tu, ya kuonja?"

"Nimekuambia sili. Nyumba yangu haina chumvi."

Yule kijana alikuwa amechoka, foleni ilikuwa ndefu, na nadhani alikuwa amedanganywa na wazee wengi wiki hiyo. "Mzee, mashine haina sababu ya kudanganya," akasema. "Ni watu hudanganya. Wewe unakula chumvi kwa siri, ama mama anakuwekea. Ukitaka kukufa, ni wewe." Mwanamke mmoja kwenye benchi alicheka, cheko la kuzoea, lisilo na ubaya. Mwalimu alivuta mkono wa shati chini, akafunga kifungo taratibu, akachukua kofia yake. Dawa aliyoandikiwa hakuipitia dirishani. Njia nzima alitembea mbele, na mimi na jino langu nyuma yake tulijua kwamba hatarudi pale tena.

Jioni nilimsikia akimwambia mkewe jikoni. "Ameniita mwongo, Marigu." Nilishtuka, maana sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. "Mbele ya watu. Mimi." Kuni zikapasuka. Kisha Tata akasema kwa hasira, "Basi tutamwonyesha. Hii presha itashuka, na wewe utaenda ukae kwa hiyo benchi, na yeye atakuomba msamaha." Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kabla ya siku ile walikuwa wakitafuta afya. Kuanzia siku ile walikuwa wakitafuta haki. Tata aliondoa nyama, akaondoa mkate, akaondoa hata maziwa ya kuchemsha kwa sababu mtu fulani alimwambia yana mafuta. Kilichobaki ni njahi na mboga, asubuhi, mchana na jioni, laini kama uji, na kijiko cha magadi kikajaa.

Mimi natembea kila siku, ili mnielewe. Nala managu, napika bila chumvi nyingi, sinywi, na naamini kila kimoja kinasaidia, tena sana. Daktari wangu mwenyewe anasema presha yangu ingehitaji dawa kali zaidi kama si hivyo. Sina ugomvi na vitu vya Mungu. Nina ugomvi na ile raha ya kusema mimi nimeshinda bila dawa. Niliiona raha hiyo usoni mwa Mwalimu, asubuhi, akivuka mto kwa miguu yake mikavu na kichwa juu, na hakuna aliyekuwa akipima.

Ilimpata darasani, baada ya mapumziko. Nilikuwa nawaandikia watoto wangu herufi ubaoni, nikasikia darasa la saba wakicheka. Hakuna mtoto aliyewahi kucheka katika chumba kile. Nilitoka na chaki mkononi, nikitabasamu, nikitaka kuona ni muujiza gani huo. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yao akifundisha. Mkono ulikuwa ukionyesha ramani, lakini maneno yaliyomtoka hayakuwa Kiembu, wala Kiswahili, wala Kiingereza, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeanguka. Watoto walidhani anawachekesha. Msichana wa dawati la mbele ndiye aliyeacha kucheka kwanza, akafunika uso. Kisha Mwalimu akajishusha chini sakafuni, polepole, kama mtu aliyeombwa akae. Tulimpeleka Embu mjini kwa pikapu ya kiwanda cha kahawa, amelala juu ya magunia matupu, kichwa chake mapajani mwa Tata, na Tata akiwa bado amevaa aproni ya jikoni.

Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yalikuwa yamekwenda. Macho yalikuwa yake. Ukimwuliza jambo alikujibu kwa kufumba na kufumbua, na ungejua kabisa kama amekubali au amekataa. Wadi ilikuwa na harufu ya dawa ya kufulia na kabeji iliyochemka. Chakula cha pale hakikumpita, kwa hiyo Tata alikuja kila wakati wa kuona wagonjwa na githeri yake ya njahi, ameiponda kwa mwiko mpaka ikawa laini kabisa. Siku moja nesi mmoja, Mmeru wa upande wa Igembe, mwanamke mnene mwenye mzaha, alisimama kwenye kitanda chetu akachungulia bakuli.

"Mama, hii njahi umeivisha aje hivi? Yangu napika mpaka gesi inaisha."

Tata alitabasamu, mara ya kwanza tangu siku ya pikapu. "Ni magadi, sista. Chumvi sisi hatuweki, hata kidogo. Tangu apatikane na presha, chumvi haijaingia kwangu. Naweka magadi tu, ya kutosha, ndio ilainike."

"Magadi? Kila siku?"

"Kila siku."

Nesi aliacha mzaha. Aliweka trei yake juu ya kitanda. "Woi, mama. Kwa mtu wa presha, magadi na chumvi ni kitu kimoja. Hakuna mtu alikuambia?" Alimshika Tata bega, akalibonyeza kidogo. Mtu akamwita kutoka kitanda cha dirishani, akaenda.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Mwalimu hakudanganya! Nilitaka kwenda kwa miguu mpaka kile kituo cha afya, nimshike yule kijana koti lake jeupe, nimwambie mbele ya benchi lote. Nilimgeukia Mwalimu nishangilie naye, nikakuta macho yake yako wazi kabisa, na nikajua kwamba amesikia kila neno. Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa akiingoja tangu alipofunga kifungo cha shati lake na kutoka. Kisha nikamtazama Tata. Alikuwa amesimama na kijiko hewani. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, nadhani alikuwa akikumbuka vyungu, kimoja kimoja. Alinyoosha mkono aondoe bakuli. Mwalimu akalishika. Kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hakuwa amewahi kula nao, alilivuta likamkaa kifuani, akamnyang'anya mkewe kijiko, akaanza kula. Nusu ilimwagika kwenye shuka. Tata alisema, "Baba Ireri, acha. Acha, nakuomba." Hakuacha. Alitafuna kwa upande mmoja, njahi zikimtoka pembeni mwa mdomo naye akizirudisha, na muda wote alikuwa akimtazama mkewe usoni, si kwa hasira. Alikula mpaka kijiko kikakwangua chini.

Hakutoka wadi ile. Presha ilimpiga mara ya pili, na tulimzika kabla ya mvua. Wahubiri walisema ni mapenzi ya Mungu, na Tata aliwaacha waseme. Aliishi miaka mingi sana baada ya hapo, akilowesha njahi zake tangu jioni, akizipika kwa kuni nyingi na uvumilivu, na hakulitaja jambo lile kwa watoto wake hata siku moja. Nami sikulitaja alipokuwa hai. Sasa, Wawira, nimelitaja.

Siku ile ya bakuli tuliteremka pamoja kwenda stendi, Tata akiwa amebeba kikapu. Tulipofika kwenye maduka, akasimama katikati ya watu.

"Wanja, unafikiri alisikia?"

"Sidhani, Tata," nikamwambia. "Alikuwa na njaa tu."

Alitikisa kichwa. "Alisikia. Tangu anioe hajawahi kumaliza bakuli, huwa anaachia watoto kidogo. Leo hakutaka nirudi nyumbani hata na punje."